Programu Tatu na Pikipiki Moja Mchangani

Mdogo wangu Rehema,

Salamu kutoka Msimbati. Mimi mzima, ila nina hasira. Shemeji yako ana programu tatu za ramani kwenye simu. Barabara ya moja kwa moja ipo, lakini yeye akachagua programu ya wasafiri wa pikipiki, inayotafuta njia zenye kona nyingi. Ikatuingiza kwenye mchanga katikati ya mikorosho. Pikipiki ikalala, bomba la moshi likaniunguza mguu. Naye akakaa kivulini, anapakua programu ya nne!

"Baba Salma, njoo tuinyanyue!"

"Subiri mke wangu, hii ina nyota tano."

"Hizo nyota ndizo zitasukuma?"

Nikainyanyua mwenyewe. Sasa anataka turudi kwa kuzungukia Newala, eti kona za kule tamu. Nimekataa. Nilimwahidi Salma tutarudi Jumapili, na yule ahadi hasahau. Simu nimeifunga kwenye pindo la kanga, tutarudi kwa barabara kuu.

Nibusie mwanangu, na ukimsuka usimvute nywele. Kadi hii ikinitangulia kufika, ujue baba yake kaipata simu.

Dada yako,
Mama Salma