Kula na Kura

Jumatatu, 12 Mei

Baridi kali. Vidole vya watoto vilikataa kushika penseli, kwa hivyo tukaanza kwa kuruka. Nilichora miraba sakafuni kwa chaki na kuandika silabi moja kila mraba. Nikitaja neno, mtoto analijenga kwa miguu. So, ma. Ma, ji. Ku, ku. Waliokosea walirudi nyuma wakicheka. Baridi ilisahaulika.

Mwalimu Wachira wa Gredi ya Pili aligonga ukuta. Ukuta wetu ni wa mbao na hauzuii kitu. Nilipunguza sauti yangu. Ya watoto nilishindwa.

Mumbi aliruka maneno yote bila kukosea. Muhula uliopita hakujua hata herufi ya jina lake. Ni mdogo kuliko wenzake, mikono ya sweta imekunjwa mara mbili, na sasa anasoma kila kinachomfikia: ubao, mfuko wa unga, maandishi kwenye beseni la plastiki. Ninajivunia. Najua mwalimu hapaswi kuwa na kipenzi. Ninaye.

Jumatano, 14 Mei

Leo tulifungua soko. Kila mtoto alipewa silabi zilizoandikwa kwenye vipande vya katoni akaketi nazo sakafuni, kama mama zao wanavyoketi na viazi na kabichi siku ya soko hapa Endarasha. Mnunuzi anatembea, anaomba silabi anayoitaka, anajenga neno, anatusomea. Kelele nyingi. Furaha nyingi zaidi.

Halafu Mumbi akajenga "kula". Aliiweka sawa kabisa, ku na la. Akasoma kwa sauti: "Kura."

Zuhura akacheka. Ni mgeni kwetu. Baba yake alihamia hapa muhula huu kutoka Majengo, mjini Nyeri, kufungua duka la vyombo. Kiswahili chake ni kama maji ya bomba, kinatiririka tu. "Ati kura!" alisema. "Mumbi hajui kusema kula!" Darasa zima likaangua kicheko. Nusu ya waliocheka husema "kura" wenyewe. Nyumbani wanaongea Kikuyu, na Kikuyu hakina sauti ya "l".

Niliwanyamazisha. Nikasema ulimi unajifunza polepole. Maneno mazuri, yasiyo na kazi. Mumbi alirudisha silabi zake kwa wenyewe, moja moja, akaketi.

Nilipokuwa chuoni nami nilichekwa hivyo. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo hadi ulimi ukauma. Hata sasa nikikasirika unanitoroka.

Alhamisi, 15 Mei

Mumbi hakusoma. Nilimpa mpira wa matambara tunaorushiana. Anayedaka anasoma neno ubaoni. Alidaka, akamrushia mwenzake papo hapo. Mara ya pili aliacha mpira uanguke.

Jumatatu, 19 Mei

Mgeni alikuja kupima usomaji. Mtu mpole, amevaa koti zito, ana mafua. Alikaa kwenye meza karibu na dirisha, akawaita watoto mmoja mmoja wamsomee ukurasa wa kitabu chetu wenye picha ya msichana akilisha kuku. Mimi niliambiwa nikae nje ya mlango. Nilikaa. Masikio yalibaki ndani.

Zuhura alisoma ukurasa wote kama mtangazaji wa redio. Mgeni akasema vizuri sana.

Zamu ya Mumbi. Kimya. Mgeni akamwambia jaribu. Nikasikia neno la kwanza, kwa sauti ya mtu aliyefunikwa blanketi. La pili lilikuwa na ile herufi. Akanyamaza kabisa. Mgeni alimngoja, kwa kweli alimngoja, hilo siwezi kumnyima. Halafu akaandika.

Nilitaka kuingia niseme huyu ndiye anayesoma kuliko wote. Sikuingia. Sheria ni sheria. Ninajichukia kidogo jioni hii.

Jumanne, 20 Mei

Mwalimu mkuu, Bwana Gichuhi, aliniita ofisini. Si mtu mbaya. Ana shule ya mabati na mbao, wazazi wanaotaka matokeo, na Wachira anayelalamika kila siku kuhusu kelele zangu. Aliniambia Mumbi hajaweza kusoma, kwa hivyo kuanzia muhula ujao atakaa na watoto wa chekechea. Atarudi kwangu akikomaa.

Nilimweleza kuhusu ulimi na kicheko. Alisikiliza huku akiangalia nje.

"Mwalimu Nyawira, mtoto anayesoma si husikika?"

Swali hilo ndilo linaloniuma, sio uamuzi wake. Kusoma ni nini basi? Ni sauti inayotoka au ni kitu kinachoingia? Miaka yote hii nafundisha na sijawahi kujiuliza.

Aliongeza kwamba michezo ipungue. Watoto wakariri kama sisi tulivyokariri. Nilisema sawa. Sikumaanisha.

Jumatano, 21 Mei

Mama Mumbi alikuja na matope kwenye gambuti, moja kwa moja kutoka shamba la kabichi. Nilitarajia akasirike. Nilitaka akasirike. Badala yake alikubali kabla sijamaliza.

"Kama ni kurudi, arudi tu, Mwalimu. Wewe ndiyo unajua mambo ya masomo."

Akafuta mkono kwenye leso.

"Lakini mimi nashangaa. Kwa nyumba anasoma kila kitu. Juzi ameangaria gunia ya mbolea, akaitoa jikoni. Akaniambia imeandikwa isikae karibu na chakura. Sasa huyo hajui kusoma aje?"

Nilimshika mkono. Alishtuka. Sikuweza kumweleza kwa nini nimefurahi ghafla.

Mumbi alisoma gunia, akalitoa. Hakuna aliyemsikia akisoma. Lakini gunia lilitoka jikoni.

Alhamisi, 22 Mei

Nimevunja ahadi ya kupunguza michezo. Nimeongeza mmoja.

Usiku nilikata kadi. Hazina picha, zina maneno tu. Piga makofi. Ruka. Kula kiazi. Piga kura. Funga mlango. Sheria ni moja: unasoma kwa macho, mdomo umefungwa, halafu unatenda. Nyuma ya darasa niliweka mkebe wa maziwa wenye tundu juu yake. Huo ndio mkebe wa kura. Kura ni kifuniko cha soda. Watoto wanajua kupiga kura, wamewaona wazazi wao wakipanga foleni hapahapa shuleni.

Darasa lilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Wachira alichungulia dirishani kuona kama tuko wazima.

Mumbi alichukua "Kula kiazi". Akaiangalia. Akakaa chini, akamenya kiazi kisichokuwepo, akakipuliza kwa sababu ni cha moto, akala. Nikampa "Piga kura". Akainuka, akaenda kwenye mkebe, akatumbukiza kifuniko. Hakuchanganya hata kidogo. Ulimi wake una herufi moja pale ambapo macho yake yana mbili.

Nililia kidogo, nikiwa nimegeukia ubao.

Halafu jambo jingine. Zuhura alinijia na kadi yake.

"Ticha, yangu haina picha."

Nikampa nyingine. Nayo haikuwa na picha. Akaniangalia kama mtu aliyenyang'anywa mkongojo. Nikaelewa. Ule ukurasa wa kuku niliwasomea wiki mbili zilizopita. Aliushika wote kichwani, neno kwa neno. Ana masikio ya ajabu na ulimi wa ajabu, na hasomi. Hajui hata silabi zote. Nami nilidanganywa na uzuri wa sauti, kama mgeni yule yule niliyemkasirikia.

Sikumwambia mtu. Nilimpa kazi ya kuita majina ya wachezaji. Aliita vizuri sana. Ana miaka sita na tayari anajua kujificha.

Ijumaa, 23 Mei

Nilimwomba Bwana Gichuhi aje atazame. Nilidhani atakataa. Alikuja na kikombe chake cha chai, akasimama nyuma karibu na mkebe.

Watoto walicheza. Mumbi alipata "Funga mlango" akaufunga. Alipata "Piga kura", akampita mwalimu mkuu bila kumwangalia na kutumbukiza kifuniko chake. Akapata "Kula kiazi". Bwana Gichuhi aliacha kunywa chai. Aliomba kadi tupu, akaandika kwa kalamu yake: "Leta kitabu cha mwalimu." Akampa. Mumbi alisimama nayo muda mrefu. Midomo yake ilitetemeka kidogo, bila sauti. Kisha akaja mezani kwangu, akachukua kitabu changu, akampelekea.

Ningetamani mambo yaishie hapo.

"Sasa mpe yule hodari," akasema. "Yule wa Majengo."

Nilisema Zuhura anaita majina. Akasema aite baadaye, akamkabidhi kadi yeye mwenyewe. Zuhura aliitazama pande zote mbili. Akatabasamu. Akasema kwa Kiswahili chake safi, "Kula kiazi!"

Kadi ilisema "Ruka".

Mumbi alikuwa amesimama nyuma yake, akiichungulia kadi pembeni ya bega lake. Akaruka. Zuhura akageuka, akamwona, naye akaruka. Sijui kama Mumbi alitaka kumsaidia, au aliruka tu kwa sababu kadi ilisema aruke. Nadhani ni hilo la pili. Hakuna aliyecheka. Walidhani kuruka wawili kunaruhusiwa, wakaanza kuruka wote.

Lakini Bwana Gichuhi alikuwa ameona. Nje ya mlango akaniambia kwa sauti ya chini: basi huyu ndiye wa kwenda chekechea.

Nilikasirika. Sikuwa nimepigania Mumbi wiki nzima ili kiti chake kikaliwe na mwingine. Nikamwambia bosi wangu:

"Hakuna mtoto wangu ataenda mahari popote!"

Nikasikia nilichosema.

"Mahari?" akauliza Bwana Gichuhi. "Tayari? Si wako Gredi ya Kwanza?"

Alicheka hadi chai ikamwagika. Nami nikacheka, nikiwa na machozi. Wachira alitoka kuona ni kelele gani tena. Tulipotulia, mwalimu mkuu alifuta shati lake, akasema wote wawili wabaki kwangu mpaka mwisho wa mwaka, halafu tuone. Akaenda hatua chache, akarudi. Alisema hata yeye, akihubiri kanisani, huruka mistari yenye "l" nyingi.

Sikujua hilo.

Jumamosi, 24 Mei

Nilienda dukani kwa Baba Zuhura. Ilinibidi. Nilimkuta akipanga sufuria kutoka kubwa hadi ndogo. Alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda. Nikamwambia wazi, kwa sababu sijui njia nyingine.

Alikasirika. Alisema binti yake anaongea Kiswahili kuliko baadhi ya walimu hapa. Nikasema ni kweli, na mmoja wa walimu hao ni mimi. Hilo lilimzima kidogo.

Hakutaka kuamini. Akamwita Zuhura, akachukua ndoo mpya, akamwonyesha karatasi iliyobandikwa. "Soma hapa." Zuhura akasema, "Ndoo." Iliandikwa "Lita ishirini".

Nilimwonea huruma mzee yule kuliko mtoto. Alirudisha ndoo mahali pake polepole sana. Halafu akapiga magoti kwenye sakafu ya duka lake, mtu mzima, wateja wakiona, akamwambia binti yake, "Mama, kumbe ulikuwa unahangaika peke yako?" Zuhura akaficha uso kwenye kanzu ya baba yake.

Nilimwambia afunike picha kwa kiganja wanaposoma. Nilimwambia silabi tano tu kwa siku. Asimpige wala asimharakishe. Aliuliza kama ni kosa lake. Nikasema hapana. Ni la mtu yeyote anayependa kusikia sauti nzuri.

Jumatano, 28 Mei

Zuhura anaruka miraba tena, kutoka mwanzo, pamoja na watoto watatu waliobaki nyuma. Anakasirika. Leo alifuta mraba wa "nge" kwa kiatu. Nikauchora tena. Akaufuta tena. Mara ya tatu akauruka.

Mumbi anatenda kadi zote. Hajasoma kwa sauti bado. Simlazimishi. Nataka kumlazimisha kila siku.

Ijumaa, 6 Juni

Mvua ya mchana, kisha jua. Watoto wengi wameenda nyumbani. Nilikuwa naning'iniza matambara ya kufutia ubao kwenye waya nikasikia sauti darasani.

Walikuwa wawili kwenye mkeka, chini ya dirisha. Zuhura alikuwa anamngoja baba yake, na Mumbi anangoja tope lipungue njiani. Kitabu kilikuwa kati yao. Mumbi alikuwa anasoma. Kwa sauti. Polepole, kidole chini ya kila neno.

"Mrima wetu una theruji. Asubuhi ni meupe. Jioni ni wa rangi ya… ya… zambarau."

Ilikuwa "mweupe". Ilikuwa "mlima" na "theluji". Niliyasikia yote matatu. Zuhura naye bila shaka aliyasikia, kwa masikio yale. Alikuwa ameinamia kitabu, kiganja chake kimefunika picha.

"Rudia hiyo ya mwisho," alisema. "Inaanza na herufi gani?"

"Hii. Inayopinda kama nyoka."

"Za," akasema Zuhura. "Zam. Zamba."

Wakaendelea. Niliketi kwenye ngazi, matambara bado mkononi, mpaka wakamaliza ukurasa na kuufungua mwingine.