Itoeni Nguzo ya Kati Kabla Hatujafika

Dar es Salaam, Jumapili baada ya misa

Dada yangu Martha,

Shikamoo. Mama umpe shikamoo yangu sasa hivi, kisha haya yanayofuata uyasome peke yako, maana si ya kumsomea mtu anayeumwa kifua. Kikohozi chake kimepungua? Mimi ni mzima wa mwili, ila roho haijatulia hata kidogo.

Ile habari aliyoileta akida, kwamba nyumba zote za msonge zivunjwe na watu wajenge za pembe nne kando ya barabara mpya, msidhani ni vitisho. Ni kweli tupu. Sisi maseremala tumetolewa kwenye majengo ya serikali, tukapelekwa vijijini kuvunja. Tunashusha nyasi, tunakata fito, halafu moto. Wenyewe wamesimama pembeni na vyungu vyao. Bibi mmoja alinitukana matusi mazito, nami nikaendelea kushusha nyasi zake.

Nilimwendea nyapara wetu. Sikumwambia ni kwetu, nilisema tu huko Mgeta nimesikia ipo nyumba ya zamani sana, imejengwa vizuri, je, haiwezi kuachwa hata hiyo moja? Akasema, "Moja itaachwa. Bwana Mkubwa anataka kuipiga picha, wenzake Ulaya waone Waluguru walivyokuwa wakiishi."

Nikamsogelea. "Ipi hiyo?"

"Ya jumbe."

Ya jumbe! Ile aliyoijenga juzijuzi, baada ya kuiunguza ya kwanza kwa ulevi wake! Nilicheka mpaka nyapara akaniuliza kama nina homa. Baadaye nilikaa nyuma ya karakana nikalia, Dada, sikufichi.

Uliniandikia kwamba Mama amesema atafia humo humo. Namjua, hasemi ovyo. Basi msibishane naye. Mjomba aite wanaume, waichimbue ile nguzo ya kati tangu chini, kando ya mafiga, pale Bibi alipomzalisha Mama sisi sote. Waung'oe na mlango wa ubao mmoja. Wavifiche migombani kwa Mjomba. Mama akigoma kutoka, mwambieni nguzo inahama, naye aifuate. Hiyo ataielewa. Paa likianguka, lianguke, nyasi zipo kila mahali. Nyumba ya pembe nne nayo inahitaji nguzo, na hakuna Mdachi atakayeuliza ya kwenu imetoka wapi.

Lakini fanyeni upesi, tafadhali. Kikosi kitapanda huko mwezi ukiandama, na kikosi chenyewe ni chetu. Nimeomba nibakishwe, nimekataliwa. Kijiji kimoja nyapara aligundua kwamba mwenzetu ni mwenyeji wa pale. Akamkabidhi shoka, aanze yeye, na aanze na nyumba ya mama yake. Alipokataa walimlaza chini wakamchapa viboko, kisha akasimama akaanza. Mpaka leo hali chakula nasi, wala hazungumzi.

Nisalimie Mjomba, shemeji yangu mumeo, na shangazi wa kule Bigwa akipanda kuja kuwaona. Na wote hao, Mama kuliko wote, uwaambie hivi: siku mtakaponiona napanda njia na shoka begani, mtu yeyote asiniite jina. Msinikimbilie, msinipungie mkono. Nitazameni kama mgeni tu.

Ni mimi mdogo wako,
Klementi