Tiketi ya Kwenda Kumzika Mama

Marlow, Ohio
11 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na kondoo wanastahimili theluji ya huko Montana? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unachemka.

Shirikisho la michezo ya vyuo limeifungia timu yetu ya mpira wa kikapu. Hatutacheza mashindano ya Machi. Kosa ni hili: mwaka jana Mama alipofariki, Kocha Dulaney alininunulia tiketi ya ndege nije kumzika. Kanuni zinamkataza kocha kumpa mchezaji kitu cha thamani. Wewe ulidhani chuo ndicho kilichonisafirisha, nami nikanyamaza. Nisamehe.

Chuo kimelishtaki shirikisho. Nao watu wa shirikisho wameniletea karatasi: nikikiri kwamba Kocha alinihonga nisihamie chuo kingine, yeye atafukuzwa na sisi tutacheza. Wenzangu wananitazama. Nifanyeje?

Binti yako,
Lindy

*

20 Januari

Mwanangu Lindy,

Marahaba. Goti ni lile lile, kondoo hawajambo.

Nimechezesha mechi za shule miaka ishirini na sita. Sikuwahi kufuta faulo kwa sababu mchezaji analia. Kanuni ni kanuni. Tia sahihi, cheza, umalize masomo. Mama yako angekuambia hivyo hivyo.

Baba yako

*

6 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta salama.

Sikutia sahihi. Mama asingeniambia niseme uongo, na wewe unajua. Juzi nilisimama mbele ya jaji. Wakili wa shirikisho akaniuliza, "Hukuweza kupanda basi?"

Nikamwambia, "Ningeweza. Ningefika siku moja baada ya mazishi."

"Kwa hiyo unakubali kwamba ulipewa upendeleo?"

"Nilipewa nafasi ya kumshika baba yangu mkono kaburini. Kama huo ni upendeleo, andika."



Lindy wako

*

8 Machi

Baba,

Shikamoo. Mwezi mzima hujanijibu. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi, nijue u hai.

Jaji ameturuhusu kucheza huku kesi ikiendelea. Kocha peke yake ndiye asiyeruhusiwa kukaa na timu. Lakini shirikisho limekata rufaa, na wakishinda, kila ushindi wetu utafutwa. Mkuu wa chuo, Bi. Whitcomb, alitukusanya katika chumba cha kubadilishia nguo. "Semeni wenyewe," akasema. "Mko tayari kucheza michezo ambayo huenda ikafutwa?"

Deja, mwenzangu wa chumbani, alikuwa anafunga kamba za viatu. Hata hakuinua kichwa. "Mama, wacha tuwafunge kwanza. Kufuta watafuta baadaye."

Tulipiga kura. Hakuna mkono uliobaki chini.

Lindy

*

29 Machi

Mwanangu,

U mzima? Mimi sijambo, ila aibu ya kukuambia utie sahihi inanitafuna. Ndiyo maana nilikaa kimya.

Nilikuja. Nilimwachia jirani Halvor kondoo, na wiki yenyewe ni ya kuzaa, nikaendesha gari siku mbili. Fainali niliitazama nikiwa safu ya juu kabisa. Kocha wako alikuwa huko huko, kajiinamia peke yake. Nikaketi kando yake, nikamwambia, "Mimi ni baba yake Lindy. Wewe ndiye uliyeniletea mtoto siku ile."

Akanijibu, "Mzee, tutaongea. Sasa hivi wanatukaba."

Mlishinda sitini na moja kwa hamsini na nane. Nililia mbele za watu. Nilipoona wenzako wamekubeba juu juu, nikaondoka kimya kimya, sikutaka kukuharibia.

Baba

*

17 Juni

Baba yangu,

Shikamoo sana. Laiti ningejua ulikuwepo, ningepanda ngazi zote zile.

Mahakama ya rufaa imebatilisha ile ruhusa. Shirikisho limeufuta ushindi wetu, sasa linataka kombe na medali. Bi. Whitcomb amewajibu kwamba kombe haliendi popote. Sisi kumi na wawili tumeandika barua moja, yenye mstari mmoja: hatutoi. Kesi yenyewe itasikilizwa Septemba. Mawakili wa shirikisho wanasema mimi ni shahidi mmoja tu, tena mwenye kujipendelea.

Lindy

*

26 Juni

Lindy mwanangu,

Marahaba. Nina afya ya kutosha kusafiri.

Nimempigia simu wakili wa chuo. Nimemwambia kuna mtu mwingine aliyekuwepo kaburini, na ana mengi ya kusema. Alitaka nimwandikie maelezo. Nimekataa. Hayo nitayasema kwa mdomo wangu, wao wakinitazama.

Nakuja Septemba. Safari hii nitakaa safu ya mbele.

Baba yako