Mashine ya Maswali na Meno ya Mbuzi

Jumatatu, 7 Oktoba

Mimi nisipofika, soko la mifugo la Isiolo halifunguki. Leo nilichelewa kidogo kwa sababu ya chai, nikakuta wanunuzi wamesimama kimya kama watu wa msibani. Nikaingia. Nikaongea. Mbuzi kumi na wanne wakapata wenyewe wapya kabla jua halijawa kali. Guyo anasema wanunuzi walikuwa wanangoja lori, si mimi. Guyo ni dalali mwenzangu wa miaka mingi. Ana wivu kidogo.

Jioni kwa dada yangu, kama kawaida. Ndiko ninakokula. Binti yake, Akiru, huniletea chai kisha ananiuliza maswali ya shule. Yuko kidato cha pili. Anataka kuwa daktari wa mifugo, na hamu hiyo aliipata kwangu, kila mtu anajua. Leo hakuniuliza kitu. Alikuwa ameinamia simu ya mama yake.

Ati mwalimu wao wa Kilimo, Mwalimu Kinoti, ameweka masomo ya darasa kwa kompyuta, na kompyuta inatunga maswali yenyewe. Mwanafunzi anajibu kwa simu. Akikosa, anaambiwa hapo hapo. Baada ya muda swali linarudi likiwa limevaa nguo nyingine, na litaendelea kurudi mpaka alijue.

Mtihani wao ni tarehe 25. Atakayepata chini ya hamsini hataendelea na Kilimo mwaka ujao, atapelekwa Biashara. Akiru anasema akipelekwa Biashara, mambo ya udaktari wa mifugo yameisha.

Sipendi hiyo simu.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimeifikiria hiyo mashine siku nzima. Niliuza nikiifikiria.

Kwa soko, mtu wa maswali mengi si mnunuzi. Huyo ametumwa. Anauliza umri, anauliza malisho, anauliza mmetoka Merti ama Oldonyiro, halafu anaenda zake bila kununua hata kamba. Kesho yake bei imeanguka na kuna tajiri mahali anajua habari zenu zote. Sasa hii mashine inamuuliza msichana wetu mbuzi anapewa dawa ya minyoo lini. Inamuuliza ng'ombe akiwa na homa utajuaje. Kila jioni, na haichoki. Ni nani anataka kujua?

Nilimuuliza Akiru.

"Anko, majibu inayo tayari."

Kama inayo, inauliza ya nini?

Nikamwambia mimi elimu yangu sikuipata kwa simu. Nilitoka shule darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wamemaliza ya kunifundisha. Nikamwonyesha kidole gumba changu cha kulia, ile alama ya simba wa Leparua. Jinsi alivyoniuma, na mimi nikamshika ulimi kwa mkono wa pili mpaka akaomba msamaha kwa macho. Leo nilikumbuka kwamba walikuwa simba wawili. Hadithi ilitoka vizuri. Akiru alicheka sana, kisha akarudi kwa simu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimetukanwa na simu.

Swali lilikuwa hivi: mbuzi mwenye jozi mbili za meno ya kudumu mbele, ana umri gani? Nikamwambia Akiru atulie, hiyo ni kazi yangu. Miaka minne. Nilisema haraka, bila kupepesa, vile ninavyosema sokoni. Akabonyeza. Ikatoka nyekundu. Mashine inasema karibu miwili.

"Labda umechanganya na jozi nne, Anko." Alisema kwa adabu. Hiyo adabu ndiyo iliniuma.

Sijachanganya. Hiyo mashine haijawahi kununua hata kwato. Na hazikupita dakika tano ikaleta kondoo, lakini meno ni yale yale. Ilikuwa inanipima. Dada yangu alikuwa jikoni. Alicheka, nilimsikia.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimechukua hatua.

Nilimwambia dada yangu kwamba hiyo simu inapeleka habari za nyumba hii mahali tusipopajua. Nikamweleza juu ya mzee mmoja wa Merti aliyejibu maswali kwa simu, na kulipokucha ng'ombe wake wote walikuwa wanajulikana Nairobi kwa majina. Dada yangu aliweka sufuria chini. Anasema hajui kama mimi ni mwongo ama ni mgonjwa. Lakini mambo ya kompyuta hayajui, na aliogopa kidogo. Simu itakaa na mimi saa za masomo mpaka mtihani upite. Akiru nitamfundisha mwenyewe.

Akiru alinipa simu. Alifunga daftari polepole.

Nimefundisha saa nzima. Minyoo, kwato, meno, kila kitu. Sijawahi kumsikia mtu akifundisha namna hiyo.

Jumatano, 16 Oktoba

Thelathini na nane.

Mwalimu aliwapa karatasi ya majaribio jana. Ile ya mwisho, kabla sijachukua simu, Akiru alikuwa amepata hamsini na moja. Swali la meno aliandika miaka minne. Nimeona kwa macho yangu. Mwandiko ni wake, jibu ni langu, na alama ya kukosa ni ya kalamu nyekundu.

Dada yangu aliweka karatasi kando ya sahani yangu, akanipakulia, akatoka nje. Akiru alikula. Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Nimerudisha simu. Nilisema ni kwa sababu mfuko wangu umetoboka.

Najisikia vibaya. Lakini bado nashuku. Pengine hata hiyo karatasi ilitungwa na mashine, kwa kunikomoa. Kesho naenda shuleni.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimemshika mwizi.

Mwalimu Kinoti ni Mmeru mwembamba, anaweka chaki kwa mfuko wa shati kama watu wengine wanavyoweka kalamu. Alinipa kiti. Nilimwambia moja kwa moja nimekuja kujua ni nani anauliza watoto wetu maswali. Hakukasirika. Alifungua kompyuta, akaanza kunisomea maswali na majibu yake, akitoa kwa Kiingereza na kuniwekea kwa Kiswahili. Anasema yeye huyapitia kabla ya kuyatuma, kwa sababu hiyo mashine ikikosea haikohoi wala haisiti. Inakosea kwa sauti ile ile ya kusema ukweli.

"Hata mimi siiamini yote, mzee."

Hapo nikampenda kidogo. Nikasikiliza kama vile mwizi anavyosikiliza mbwa. Kuku, sawa. Nguruwe, sijui, nikanyamaza. Akafika kwa ngamia. Mimba ya ngamia, miezi tisa.

"Simama hapo hapo," nikasema.

Tisa ni ya ng'ombe. Ngamia ni kumi na tatu, hata mtoto ambaye bado anabebwa anajua. Mwalimu akatafuta kwa kitabu kinene. Akatikisa kichwa. "Kwetu tunafuga ng'ombe wa maziwa. Hii ingenipita." Akaifuta mbele yangu. Alinishukuru mara mbili.

Ningeondoka wakati huo, ingekuwa siku nzuri kuliko zote mwaka huu. Lakini niliendelea kukaa. Nikaendelea kuongea. Nikasema hakuna mnyama katika Isiolo hii ambaye sijamsoma kinywani. Hakuna mtu aliyenilazimisha kusema.

Mwalimu akafurahi. Ati watoto wamejibu mambo ya meno kwa simu mpaka basi, na hakuna aliyewahi kushika mdomo wa mbuzi. Jumanne niende niwaonyeshe. Mbuzi atamtafuta yeye. Nikasema hakuna shida.

Kuna shida.

Jumamosi, 19 Oktoba

Wacha niandike vile tunavyofanya kazi, mimi na Guyo, maana hakuna mtu amewahi kuniuliza.

Guyo anafungua mdomo wa mbuzi. Mimi nasimama na mnunuzi, naongea. Guyo akishaona, anagonga fimbo chini. Mara mbili ni jozi mbili, mara tatu ni jozi tatu. Mimi nikisikia fimbo natangaza umri, nikitazama mbali kama mtu aliyeona zamani. Na natangaza umri ule mnunuzi anaonekana kuutaka. Akitafuta mbuzi wa kuzaa, namfanya mchanga. Akitafuta wa kuchinja, namkomaza. Mnunuzi naye hufungua mdomo mwenyewe, hutukana kidogo, tunaanza kupatana. Ndiyo soko. Sijawahi kuhitaji jibu ambalo ni moja tu.

Leo nilimwomba Guyo anifundishe. Alidhani namtania. Kisha akamshika mbuzi mweupe, mpole, akasema weka mkono. Nikaupeleka mpaka karibu na pua. Ukarudi wenyewe. Nikaupeleka tena. Ukarudi.

"Wallahi, wewe si ndiye wa simba?" Guyo akasema, na si kwa sauti ndogo.

Nilisema mbuzi huyo ana harufu ya ugonjwa. Watu walicheka mpaka mwenye mbuzi akakasirika. Nimerudi nyumbani mapema. Nikamkuta Akiru na simu, anajibu, anakosa, anarudia. Hakuna anayemcheka. Hata mashine haimcheki. Nilikaa mlangoni nikamtazama. Nikafikiria kusema nina homa siku ya Jumanne.

Jumanne, 22 Oktoba

Nilienda. Nilivaa koti.

Wanafunzi darasa zima nje kwenye kivuli cha ukuta, mbuzi mmoja amefungwa, Mwalimu Kinoti mikono nyuma. Nilianza na historia ya soko. Nikaingia mambo ya ukame. Nikapitia Leparua, simba watatu. Walifurahi, mimi naweza kuongea. Nadhani niliongea nusu saa. Mbuzi akalala.

Mwalimu akaangalia saa. "Sasa tuonyeshe mdomo, mzee."

Nikamwendea mbuzi. Nikainama. Jasho lilinitoka chini ya koti nikalisikia likishuka mgongoni. Mkono ulikataa. Nilikuwa nimeinama hivyo, sijui kwa muda gani, na watoto wakaanza kunong'ona. Mmoja nyuma akasema, "Anaombea mbuzi."

Nikasikia sauti ya Akiru.

"Anko amesema leo nifanye mimi, yeye aniangalie kama nimeelewa."

Sikuwa nimesema hivyo.

Alipiga magoti. Akashika taya, akaingiza kidole pembeni, pale pasipo na meno, akafungua ule mdomo kama mlango wa kabati. Jozi mbili, karibu miaka miwili. Alisema bila kupepesa, na kwake ilikuwa kweli. Mwalimu akawaita wengine waje waone. Yule mnong'onaji akauliza kama mbuzi anaweza kuuma mtu. Akiru akasema mbele hawezi, kwa sababu juu hana meno ya mbele, ana ufizi mgumu tu. Lakini ukiingiza kidole mpaka nyuma kwenye magego atakitafuna, na kitabaki na alama.

Kisha akaniangalia. Akaangalia mkono wangu wa kulia.

Nikauweka mfukoni.

Tukirudi nyumbani nilimuuliza hayo ya magego aliyapata wapi. Akasema mashine ilimuuliza mara tatu. Mara mbili alikosa.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mtihani leo. Akiru aliondoka na kalamu mbili. Mama yake alisimama mlangoni mpaka akapotea.

Sokoni nilisahau bei ya mbuzi niliyotoka kuitaja mwenyewe. Guyo akagonga fimbo mara tatu, nikatangaza ukweli: jozi tatu. Mnunuzi alishtuka kuliko mimi.

Sina lingine.

Alhamisi, 31 Oktoba

Sitini na mbili. Anaendelea na Kilimo.

Dada yangu alipika nyama. Hakunisema. Alinipakulia ya mifupa, lakini alinipakulia.

Baada ya chakula Akiru alileta kiti karibu na changu, akafungua simu, akaanza kunisomea maswali, Kiswahili, polepole. Sikumwomba. Kati ya kumi nilikosa sita. La meno nilikosa, likarudi limevaa kondoo, nikakosa, likarudi tena kama mbuzi, nikapata. Ikatoka kijani. Akiru alisema tu, "Haya," akaenda kwa lingine.

Bado siiamini. Kitu kinachokumbuka pale ulipoanguka na kukurudisha hapo hapo bila hata kukasirika, si bure. Nitaendelea kuichunguza. Kesho jioni nimemwambia tuanze na magonjwa.

Hakuniuliza juu ya kidole. Alikuwa na nafasi, tulikuwa wawili tu, na mkono ulikuwa juu ya meza.

Kitabu hiki hakuna anayekisoma, kwa hivyo naandika. Leparua sijawahi kufika. Aliyeniuma alikuwa mbuzi jike wa mama yangu, kule Oldonyiro, hana hata pembe. Nilikuwa na miaka tisa na nilitaka kujua ana meno mangapi. Nililia mpaka saa ya kukamua, na ni yeye niliyeambiwa nimkamue.