King'ora cha Shamba la Juu

Baba,

Mama analala ndani wiki hii. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza.

Ulipoondoka hakubaki mtu wa kulinda mahindi isipokuwa yeye. Alichukua blanketi lako akapanda kwenye dungu lile lile kule juu, msitu wa Ngorongoro unapoishia, kwenye baridi ile ile iliyokuharibu kifua. Haukupita muda akaanza kukohoa. Nilikuwa nakisikia kikohozi chake asubuhi akishuka, chai inanishinda. Unanijua, mimi kusema siwezi. Nikakifungua king'ora chako.

Ulikitengeneza vizuri: tembo akikata waya wa shamba, kinalia mpaka nyumbani tunasikia. Shida ilikuwa betri. Ilikufa kila mara, na wewe ukarudi dunguni. Nikapima, nikaona iliyokuwa inaila zaidi ni ile taa nyekundu. "Ikiwaka ujue kiko macho," ulikuwa unasema. Nimeing'oa, Baba. Mama akaniuliza, "Taa ya baba yako umeipeleka wapi? Sasa nitajuaje kama hicho kitu ni kizima?"

Halafu tamaa ikaniingia. Shuleni wanatufundisha kwa Kiingereza kwamba rezista ikiwa kubwa mkondo wa umeme unakuwa mdogo, basi nikafunga iliyo kubwa kuliko zote ulizoacha kwenye kopo. Betri ikawa kama haitumiki kabisa. Nikamwambia Mama asilale tena kule. Akaniamini, akashuka.

Asubuhi yake ukungu ulikuwa mzito, nguzo zinachuruzika maji. Nikapanda kujaribu, nikachomoa waya kwa mkono wangu. Kimya. Nikaurudisha, nikachomoa tena. Kimya. Mkondo niliuacha mdogo mno, hata ule unyevu wa nguzo ulitosha kuupitisha, na king'ora kikadhani waya haujakatika. Nilikaa kwenye matope pale pale. Chakula chetu chote kilikuwa kimelala bila mlinzi, na Mama alikuwa amelala kwa sababu yangu.

Nilimwambia. Hakunigombeza, alijitupia blanketi begani tu. "Basi leo napanda." Nikamwomba anipe mpaka jioni.

Nikafunga rezista ya kati. Nikazikata kandambili zako kuukuu, kipande kwa kila nguzo, ili waya usiguse mti uliolowa. Baba Paskali, jirani yetu, akapita na pikipiki akitoka Rhotia. "Binti, sasa tembo unamvalisha viatu?" Nikaendelea kukata. Jua likiwa linazama nikazimwagia nguzo maji, nikashika waya, nikafumba macho, nikachomoa.

King'ora kikalia.

Mama akapanda mbio na debe lake akilipiga, akidhani tembo wamefika. Aliponikuta peke yangu akashika kiuno, anahema. "Hiyo hata baba yako kaisikia huko kaburini."

Uliisikia?

Tembo wenyewe hawajaja bado, na mahindi ndiyo kwanza yanabeba. Betri haijashuka, lakini mimi bado naogopa. Kila asubuhi yenye ukungu napanda kabla ya shule, nachomoa waya, nasubiri kilie.

Pumzika, Baba. Mama halali tena kule juu, hilo nakuahidi. Siku king'ora kikinyamaza nitajua kabla yake, na atakayepanda ni mimi, na bisibisi yako mkononi.

Binti yako,
Theresia