Nilivyobariki kompyuta ya lori

Dada, uko? Nacheka peke yangu nje ya gereji, watu wananishangaa.

Lori letu limewaka! Asubuhi liligoma kabisa. Fundi akasema kompyuta ya injini imekufa, na mpya ni bei ya kiwanja chetu. Baba watoto akampigia dalali palepale. Kiwanja chetu cha kujenga, dada! Mimi nikajificha nyuma ya lori, naomba huku nalia.

Akaja fundi wa umeme. Akachomoa plagi kubwa ya kompyuta, akainusa. Akainusa tena. "Nani kapaka mafuta ya mzeituni humu?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Si juzi kwenye darasa la udereva mwalimu alitufundisha kwamba kompyuta ndiyo ubongo wa gari, akatuonyesha na inapokaa? Nikawaza, kwa nini nibariki boneti wakati ubongo wenyewe naujua? Jana jioni nikachomoa plagi, nikaipaka mafuta ya upako, nikairudisha. Kumbe haikubana!

Baba watoto ananitazama. Mimi natazama tairi.

"Ni mimi," nikasema. "Niliibariki."

Halafu gereji nzima ikaangua kicheko! Niliibariki, dada! Nilisema hivyo mbele ya mafundi!

Fundi akasafisha, akabana, lori likanguruma. Akadai hela ya kusafisha tu. "Mama, siku nyingine nipake mimi. Lori liache."

Mungu ni mwema. Sasa hivi namsikia baba watoto akiongea na dalali: "Samahani bwana, hatuuzi tena. Hapana, lori lilikuwa zima. Ni maombi tu yalizidi kipimo."