Mteja wa Saa Tatu na Robo

Pacha wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani kwangu, na ziwe zimekukuta kile kifua chako kimeacha kukusumbua. Uliniandikia kwamba baridi ya huko inakuingia hadi kwenye mifupa. Vaa soksi mbili, usijifanye bado kijana. Sisi huku tu wazima. Mke wangu anakusalimu, na binti yetu mdogo amejua kusoma, basi hatupumziki: anasoma kila kitu kwa sauti, hata maandishi ya kwenye boksi la sabuni. Mimi afya yangu ni nzuri kwa mtu anayenitazama kwa mbali. Usingizi ndio umenikimbia, na leo nitakueleza kwa nini.

Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita. Najua unajiuliza kwa nini nakujibu kwa kalamu wakati simu zipo. Simu sizitaki siku hizi, Pacha. Vumilia usome hadi mwisho, utanielewa.

Umenishukuru kwa maneno mazito kwamba nilisimama mahali pako siku tuliyomzika mama yako, nikabeba jeneza kwa niaba yako wakati wewe umekwama huko bila ruhusa. Niliisoma sehemu hiyo nikiwa nimesimama jikoni, nikaikunja barua kabla mke wangu hajaiona. Halafu ukaniomba mambo mawili: nilitunze gari lake mpaka utakapokuja mwezi ujao, na nikuambie ni kipuri gani kilichochelewa hata siku ile akawa bado anaendesha gari letu la kuazima badala ya lake. La kwanza nimelifanya. La pili limenikwama kooni, ndiyo maana nimekawia.

Lazima kwanza nikueleze kazi yetu inavyokwenda, maana wewe ulinijua nikiwa bado naosha magari. Siku hizi mimi ndiye mpokeaji wa wateja pale kwenye kampuni ya magari ya kasi. Wateja wenyewe unawajua walivyo, wenye magari yanayonguruma ukiwa bado mtaa wa pili. Hawawezi kutembea kwa miguu hata siku moja, wanajiona wamevuliwa nguo. Kwa hiyo mtu akileta gari lake kwa matengenezo, tunampa jingine la kuazima, dogo, la kijivu, pole kabisa. Fundi mkuu wetu ana sharti moja ambalo huwa analirudia hadi tunamcheka: gari la kuazima lisikae na mteja zaidi ya siku tatu. Anasema siku ya kwanza mtu analiendesha kwa uangalifu kwa sababu si lake. Siku ya tatu anaanza kulizoea. Siku ya nne mguu wake unasahau umekalia gari gani, unakanyaga breki kama anayekanyaga zile za kwake, kubwa, za kusimamisha gari papo hapo. Na gari la kijivu halina breki hizo.

Mama alikuwa mteja wangu nimpendaye kuliko wote, na sisemi hivyo kwa sababu ya yaliyotokea. Mwalimu mkuu mstaafu, kimo cha msichana wa darasa la saba, kiinua mgongo chake chote akakitia kwenye lile gari la bluu. Mji mzima ulimwita Mwalimu Spidi. Akiliegesha sokoni vijana walikuwa wakimuuliza mwenye gari yuko wapi, naye anawajibu kwamba mwenyewe yuko nyumbani anapika, yeye ni dereva tu. Alikuwa akija kwetu anakuja na mandazi ya mafundi wote, na mimi ananitengea langu kwenye karatasi, kama zamani tulipokuwa tukitoka shule mimi na wewe na kula kwake kabla hata ya kuvua viatu, naye akituita pacha zake.

Alilileta kwa huduma ya kawaida na kubadilisha breki. Nikampa gari la kijivu. Siku ya tisa, mchana, mvua inanyesha, akashuka mteremko wa kiwanda cha matofali, lori likasimama ghafla mbele yake. Polisi walisema alama za matairi zilionyesha kwamba alikanyaga breki kwa kuchelewa, kama mtu aliyekuwa na uhakika gari litasimama. Haya unayajua. Yanayofuata huyajui.

Gari la kijivu halikuharibika sana, maana liliingia chini ya lori kwa upande mmoja. Meneja akalipeleka kwa wanyoosha bodi, likarudi linang'aa, akasema lirudi kazini. Fundi mkuu alikataa kulikagua, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nimemwona akimkatalia bosi. Tukampa daktari mmoja wa meno, mrefu kama nguzo ya umeme. Alilirudisha siku ileile amekasirika. Alidai kwamba kila alipozima injini na kuiwasha tena, kiti kilisogea mbele chenyewe hadi magoti yake yakagusa usukani. Fundi wa umeme akafuta mipangilio ya kiti iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari, akachomoa betri usiku kucha, akaapa kwamba tatizo limekwisha. Mteja wa pili, mama mfanyabiashara, akalirudisha kwa sababu nyingine. Aliniuliza kwa upole simu ya nani imeunganishwa humo, maana kila akiingia skrini inamwandikia kwamba simu ya Mwalimu iko tayari. Akasema ameifuta mara nne. Nikamwambia ni hitilafu ndogo. Nilipokwenda kulikagua nilikuta kiti kimesogezwa mbele kabisa na kuinuliwa juu, jinsi mtu mfupi anavyokaa ili aone barabara.

Usinione mwendawazimu. Mimi nami nilijiambia ni umeme. Magari ya siku hizi yamejaa nyaya, yana mambo yake.

Halafu simu zikaanza. Ilikuwa wiki ya tatu baada ya mazishi, asubuhi ya jua kali, ofisi imejaa wateja. Dada wa mapokezi aliniita akasema kuna mteja kwenye simu ya mezani, anauliza gari lake. Nikapokea. Sauti ikanisalimu, ikaniuliza kama nimekunywa chai, ikaniuliza watoto wameamkaje, kisha ikauliza, bila haraka, kama gari lake liko tayari. Pacha, ilikuwa mama. Si mtu anayefanana naye. Nyuma yake nilisikia mvua na vifuta kioo vikienda, na nje kwetu hapakuwa na wingu hata moja. Unajua nilijibu nini? Nilijibu kwa mazoea. Nilimwambia kesho, mama. Akasema haya mwanangu, asante, akakata.

Nilitazama saa ya ukutani, ilikuwa saa tatu na robo. Ndio wakati aliokuwa akinipigia alipokuwa hai, kila siku ya zile siku tisa. Kesho yake saa tatu na robo simu ikalia tena, na siku iliyofuata, na kila siku ya kazi tangu hapo. Nilidhani akili yangu imepata kasoro, basi siku moja nikajificha stoo ya vipuri. Niliporudi nikakuta dada wa mapokezi ameandika kwenye daftari la ujumbe, kwa mwandiko wake mzuri, kwamba amepiga mama mmoja mpole, anauliza gari lake la bluu, na anasema atapiga tena. Dada huyo ameajiriwa baada ya msiba. Hakumjua mama, wala hajui kwamba gari la bluu limefunikwa turubai nyuma ya karakana. Aliniuliza kwa nini tunamzungusha mtu mzima namna hiyo.

Sasa nitoe ya moyoni, maana nikiendelea kuzunguka nitaikunja karatasi hii niitie mfukoni kama nilivyofanya na zile tatu za kwanza.

Pacha, hapakuwa na kipuri.

Gari la mama lilikamilika siku ya pili, kabla ya saa kumi jioni. Fundi mkuu alilijaribu barabarani mwenyewe, akatundika ufunguo kwenye msumari wake ukiwa na kadi ya kijani, ambayo kwetu maana yake ni kwamba mwenyewe aitwe aje achukue. Mimi ndiye niliyeitoa kadi ya kijani nikarudisha nyekundu. Nilitaka kuliendesha mara moja tu. Miaka kumi na moja nimewakabidhi watu funguo za magari kama hayo, nawafungulia milango, nawatakia safari njema, kisha narudi nyumbani nimebanwa katikati ya watu wanne kwenye kiti cha watatu. Siku ya tatu, wakati wa chakula cha mchana, nikalitoa hadi barabara ya mzunguko, dakika ishirini tu. Nilijisikia mtu, nikuambie ukweli. Watu walinigeukia. Mama alipopiga nikamwambia kuna kifaa kidogo cha breki kimeagizwa, kitafika kesho. Aliniamini, au nilidhani ameniamini. Kesho yake nikasema kesho. Fundi mkuu akiuliza, nilimwambia mama amesafiri. Nikalizoea gari lake, naye akalizoea letu.

Siku ya tisa, lori liliposimama mbele yake pale kwenye mteremko, mimi nilikuwa ndani ya gari lake, barabara ya mzunguko, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua. Nilirudi nikatundika ufunguo, nikafuta maji kwenye viti. Mikono yangu ilikuwa bado na maji hayo nilipopokea simu ya polisi. Kisha nikaenda kubeba jeneza mahali pa bega lako, na wewe ukaniandikia kunishukuru.

Sikukuambia kwa sababu niliogopa kukupoteza. Sina sababu nyingine nzuri zaidi ya hiyo. Wewe ndiye ndugu niliyejichagulia, na mama yako alinilisha miaka ambayo kwetu hapakuwa na wa kunilisha. Kama nilivyomfanyia yeye ndivyo nilivyokuwa nakufanyia na wewe, nikikuahidi majibu kesho.

Leo asubuhi maji yalinifika shingoni. Simu ilipolia nilimwomba dada wa mapokezi atoke kidogo, nikafunga mlango. Mama akasalimu, akauliza kuhusu chai. Alipouliza gari, nilimwambia liko tayari. Nikamwambia lilikuwa tayari tangu siku ya pili, na nani alikuwa akiliendesha, na wapi. Nililia, sina aibu kukuambia. Nilingoja anilaani. Vifuta kioo viliendelea kwenda.

Halafu akasema anajua. Akasema aliniona siku ya nne, alikuwa amesimama kwenye taa za barabarani ndani ya lile gari la kijivu, nami nikapita mbele yake kwenye gari lake, nikicheka peke yangu. Alinipungia mkono, sikumwona. Angeweza kuja siku ileile kuchukua ufunguo wake, lakini aliogopa kuniaibisha mbele ya wenzangu. Akasema tangu siku ile simu zake hazikuwa za kuuliza gari. Alikuwa akinipigia kila asubuhi ili nipate nafasi ya kumwambia mwenyewe, kama alivyokuwa akitungoja sisi watoto tuliovunja kitu darasani.

Siku tano nzima, Pacha. Neno moja langu siku yoyote kati ya hizo, angekuwa hai.

Ufunguo wa gari lake nimeufunga kwenye karatasi hii pamoja na kadi ya kijani. Kesho naingia kwa meneja na fundi mkuu kuwaeleza, kisha polisi, na lolote litakalokuja nitalipokea. Ukija mwezi ujao sitakuja kukupokea uwanja wa ndege isipokuwa uniite. Usiharakishe kunisamehe, na ukiona huwezi, nitajua ni haki yako. Nisalimie wenzako unaokaa nao huko, na ujitunze kifua. Mke wangu bado hajui haya, atayajua jioni ya leo.

Limebaki jambo moja, nalo pia nakuomba radhi. Kabla hajakata, mama alisema mimi hatanipigia tena. Kisha aliniomba namba yako mpya, ile uliyoibadilisha baada ya msiba, maana anasema hajakusikia siku nyingi. Nilimpa. Niliisoma polepole, tarakimu moja moja, naye akairudia yote bila kukosea. Alisema hatakustusha, atangoja kwanza umalize kuisoma barua hii.

Nisingethubutu kusaini hivi kama si yeye aliyetupa jina hili,

Pacha